Nani Ameshika Kipimo? Injili Tunayoisoma Sokoni na Shambani

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo)





Mada tuliyopewa ni kutafuta mafundisho ya imani yetu katika maisha ya kila siku. Ni mada pana. Mtu akiisema kwa ujumla tu, sote tutaikubali, kisha tutarudi nyumbani kama tulivyokuja. Kwa sababu hiyo nimechagua kitu kimoja ambacho kila mmoja wetu hukutana nacho, awe mkulima, mfanyabiashara, mama wa nyumbani au kibarua. Kitu hicho ni kipimo: kibaba, kisado, debe, gunia na mizani. Nawaomba tujiulize pamoja swali hili: nani ameshika kipimo, naye anakitumiaje?

1. Imani haikai kanisani peke yake

Bwana wetu Yesu Kristo alipotaka kuwaeleza watu Ufalme wa Mungu, hakuanza na maneno magumu. Alimtaja mwanamke anayetia chachu katika pishi tatu za unga (Mt 13:33). Alimtaja mama aliyewasha taa na kufagia nyumba yote ili kuitafuta sarafu moja iliyopotea (Lk 15:8). Aliwataja vibarua waliokaa sokoni hata saa kumi na moja kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwapa kazi (Mt 20:6-7). Mambo hayo wasikilizaji wake waliyaona kila siku. Alichofanya Bwana ni kuwafundisha kuyatazama upya, na kutambua ya kuwa Mungu ana neno la kusema juu ya unga, juu ya sarafu na juu ya ujira wa siku moja.

Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano walilishika jambo hilo kwa uzito. Katika hati yao juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, iliyotolewa mwaka 1965, walifundisha kwamba utengano kati ya imani ambayo watu wanaiungama na maisha wanayoishi kila siku ni mojawapo ya makosa makubwa ya nyakati zetu (Gaudium et Spes, 43). Tuangalie vema. Hawakusema hivyo juu ya wapagani. Walisema juu yetu sisi tunaosali.

Njia ya kuuponya utengano huo tunayo. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha vijana Wakristo wafanyakazi mwaka 1925, aliwafundisha vijana wake hatua tatu: Ona, Amua, Tenda. Papa Yohane XXIII aliisifu njia hiyo katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961. Nasi wa Afrika ya Mashariki, tangu maaskofu wa AMECEA walipozipa jumuiya ndogo ndogo nafasi ya kwanza katika uchungaji mwaka 1976, tumeizoea katika kushirikishana Neno. Basi leo na tuifuate hatua kwa hatua.

2. Tuone: kipimo katika maisha yetu

Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Baadaye likaja debe, lile kopo kubwa lililoletwa na mafuta ya taa, likageuka kuwa kipimo cha mahindi, mpunga na maharage. Hata leo gunia la mahindi hufikiriwa kuwa ni debe sita, yaani kilo 100 hivi. Kwa mahitaji madogo tunacho kisado, kile kindoo cha rangi cha lita 4.

Vyombo hivyo vyote vimesimama juu ya msingi mmoja, nao ni uaminifu. Muuzaji hawezi kuhesabu punje, wala mnunuzi hawezi. Wote wawili wanakubali kwamba chombo kiamue kati yao. Kwa hiyo mtu anayekiharibu chombo anauharibu ule uaminifu unaowawezesha wanadamu kuishi pamoja.

Nasi tunajua namna kinavyoharibiwa. Kitako cha debe hugongwa kikaingia ndani. Mizani huchezewa ili ionyeshe pungufu au zaidi. Lakini na tuseme kweli: udanganyifu haukai upande wa wafanyabiashara peke yao. Wako wakulima wanaomwagia pamba maji na kuitia mchanga ili ipate uzito. Wako wanaopanga viazi vizuri juu na vibovu chini. Hapa hakuna kundi la kunyosheana vidole.

Liko, hata hivyo, jambo jingine ambalo halifanywi kwa siri. Linafanywa mchana kweupe, na wengi wameacha kuliona kuwa ni kosa. Jambo hilo ni lumbesa.

Lumbesa tunaijua. Mnunuzi anafika shambani na magunia yake mwenyewe. Bei inatajwa kwa gunia, si kwa kilo. Gunia likijaa hadi mdomoni halishonwi. Linaongezewa kipande juu, au linafumwa kamba kama wavu, kisha linajazwa tena mpaka linapata kilemba. Kisha huhesabiwa kuwa ni gunia moja. Ndivyo vilivyouzwa viazi vingi vya Njombe na Mbeya, vitunguu vya Mang'ola, na mkaa wa sehemu nyingi za nchi.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Mkulima ameuza magunia kumi. Kila gunia lilitakiwa kuwa na kilo 100, lakini kwa kilemba chake limebeba kilo 140. Amelipwa magunia kumi, naye ametoa kilo 400 zisizolipwa. Hizo ni gunia nne. Ndani ya gunia hizo nne mna mbegu ya msimu ujao, mna sare ya shule ya mtoto, mna nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Zimeondoka juu ya gari, wala hakuna aliyezitaja.

Kwa nini mkulima anakubali? Anakubali kwa sababu viazi na vitunguu ni mali inayooza, haingoji. Anakubali kwa sababu barabara ni mbovu na gari lililofika leo huenda lisirudi wiki hii. Anakubali kwa sababu alikopa mbolea, na mdai amekaa mlangoni. Anakubali kwa sababu akikataa yeye, jirani atakubali. Mnunuzi ameshika magunia, ameshika gari, ameshika fedha taslimu, naye anayajua yote hayo.

Tumtazame na mtu wa tatu ambaye mara nyingi tunamsahau, yaani mchukuzi. Kijana huyu hulipwa kwa kila gunia analopandisha garini. Kilemba kinapoongezwa, mzigo wake unaongezeka bali ujira wake haubadiliki. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo abebao mtu mzima mwanamume kwa kawaida usizidi kilo 55. Kijana wetu anabeba mara mbili ya hapo na zaidi, siku baada ya siku. Mgongo wake ukiharibika, atarudi kwa mama yake kijijini, na biashara itaendelea na kijana mwingine.

Je, mlaji wa mjini anapata nafuu? Huko sokoni mzigo uleule hufunguliwa na kuuzwa kwa kilo, kwa kisado au kwa fungu. Kilemba alichokitoa mkulima bure, mama wa mjini anakilipia punje kwa punje.

Tusidhani kwamba mambo haya yanatokea kwa kukosa sheria. Tanzania ina Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na tangu mwaka 2002 uko Wakala wa Vipimo wenye kazi ya kuisimamia. Lumbesa ni kosa, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Sheria imekwisha kusema. Linalobaki ni dhamiri zetu na umoja wetu.

3. Tuamue: Neno la Mungu juu ya kipimo

Wakristo wengi hushangaa wakiambiwa kwamba Biblia inazungumza mara nyingi juu ya mizani na vibaba. Kitabu cha Walawi kinawaamuru Waisraeli wasitende udhalimu katika vipimo vya urefu, vya uzito wala vya ujazo, bali wawe na mizani ya haki na mawe ya haki (Law 19:35-36). Kumbukumbu la Torati linamkataza mtu kuwa na mawe ya namna mbili mfukoni, kubwa na dogo, maana yake moja la kununulia na jingine la kuuzia (Kumb 25:13-15). Mithali inafundisha kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana (Mit 11:1).

Katika Walawi, mara baada ya amri ile, Mungu anawakumbusha kwamba yeye ndiye aliyewatoa katika nchi ya Misri. Mtu anaweza kuuliza: Misri inahusianaje na mizani ya sokoni? Turudi kwenye kitabu cha Kutoka, sura ya 5. Farao aliwanyima Waisraeli majani ya kufanyia matofali, wakalazimika kwenda kuyatafuta wenyewe, na huku hesabu ya matofali ya kila siku ikabaki ileile. Waliposhindwa kuitimiza, wasimamizi wao walipigwa. Kipimo kilikuwa mkononi mwa Farao, naye alikitumia kuwavunja moyo.

Kwa hiyo Mungu anawaambia watu wake hivi: ninyi mnajua kwa miili yenu jinsi ilivyo kupimiwa na mtu asiyewahurumia, nami niliwatoa huko, basi msiwe Farao kwa ndugu zenu. Ndiyo maana kipimo cha haki ni sehemu ya wokovu wenyewe, wala si adabu ya biashara tu. Mtu aliyekombolewa anajulikana kwa namna anavyompimia mwenzake.

Nabii Amosi aliliona jambo hilohilo. Katika siku zake walikuwapo watu walioshika sikukuu za dini kwa uangalifu, lakini wakiwa ibadani mioyo yao ilikuwa inangoja sabato iishe wakauze ngano, wapunguze kibaba, waongeze bei na kuchezea mizani, hata wauze na makapi (Amo 8:4-6). Hawakuwa watu wasiosali. Walikuwa wanasali huku wanapanga. Amosi anasema kwamba Bwana hatalisahau tendo lao hata moja. Na Mtume Yakobo anaandika kwamba ujira waliozuiliwa wavunaji unapiga kelele wenyewe, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi (Yak 5:4).

4. Furiko la namna mbili

Sasa tufike kwenye maneno ya Bwana wetu yanayogusa gunia letu moja kwa moja. Katika Injili ya Luka, sura ya 6, aya ya 38, anatuambia tutoe, nasi tutapewa. Na anakieleza kipimo tutakachopewa. Ni kipimo chema, kilichoshindiliwa, kikasukwasukwa, hata kinafurika. Kila aliyewahi kupima mahindi anayaelewa maneno hayo. Ukitaka debe lipokee zaidi, unalitikisa, unashindilia, kisha unarundika juu mpaka punje zinaanguka pembeni.

Mtu mmoja anaweza kusema: kumbe lumbesa imo katika Injili! Gunia limeshindiliwa, limesukwasukwa, limefurika. Kwa macho, mambo haya mawili yanafanana kabisa. Hapo ndipo linapotufaa swali letu: nani ameshika kipimo?

Katika Injili, anayefurisha kipimo ni yule anayetoa. Mungu ndiye mwenye nafaka, naye ndiye anayeshindilia na kurundika, ili yule aliyekuja mikono mitupu arudi na nguo iliyojaa. Furiko hilo linatoka kwa mwenye nguvu kumwendea mnyonge, nalo linatoka kwa hiari. Katika lumbesa, anayefurisha kipimo ni yule anayepokea. Mwenye gari anamshindilia asiye na gari. Furiko linatoka kwa mnyonge kumwendea mwenye nguvu, nalo linatoka kwa kulazimika. Gunia ni lilelile, kilemba ni kilekile, lakini mkono umebadilika. Ni Injili iliyogeuzwa juu chini.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kuuona mfano wa furiko la Injili. Uko katika masoko yetu yenyewe. Mama anayeuza dagaa au maharage akishakupimia kisado chako na kupokea fedha yake, huchota tena kiganja kimoja na kukumwagia juu. Tunaita nyongeza. Hakulazimishwa. Pengine wewe una uwezo kuliko yeye. Lakini amekwisha kukupimia haki yako, sasa anakupa na moyo wake, nawe unaondoka ukijua kwamba hukukutana na mfanyabiashara tu, umekutana na mtu.

Lumbesa na nyongeza zinaishi katika soko moja. Kazi ya Mkristo ni kuzitambua na kuzitenganisha. Nyongeza huja baada ya haki kutimizwa, haichukui nafasi ya haki. Kwa hiyo tajiri anayewapunja wakulima msimu mzima, kisha akatoa mchango mkubwa siku ya mavuno, hajatoa nyongeza bado. Zakayo alilielewa hilo. Alipompokea Bwana nyumbani mwake, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na palepale akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu (Lk 19:8). Hakuifunika dhuluma kwa sadaka.

5. "Lakini alikubali mwenyewe"

Liko jibu moja ambalo huwa tayari kinywani tunapozungumza juu ya lumbesa: "Sikumlazimisha mtu. Tulipatana, akakubali mwenyewe." Jibu hili tusilidharau, maana linatolewa pia na watu wanyofu. Kanisa limelijibu zamani.

Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum, alifundisha juu ya ujira kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya mkataba kuwa wa haki. Mtu akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida au kwa kuogopa balaa kubwa zaidi, mtu huyo ametendewa kwa nguvu, hata kama alitia sahihi. Mwaka 1967 Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio namba 59, aliyachukua mafundisho hayo na kuyaweka katika biashara ya mataifa: pale ambapo pande mbili zinatofautiana mno kwa uwezo, kupatana kwao hakutoshi kuhakikisha haki. Mwaka huohuo wa 1967 Papa huyo alianzisha Tume ya Haki na Amani huko Roma, ambayo tangu mwaka 2017 kazi zake zimo katika idara ya Vatikano inayoshughulikia maendeleo fungamani ya binadamu. Kutoka katika mzizi huo zimechipua tume za majimbo na za parokia zetu.

Waswahili husema kwamba mnyonge hana haki. Methali hiyo inaeleza mambo yalivyo, wala haisemi mambo yanavyopaswa kuwa. Kwa Mungu mnyonge anayo haki, na kwa sababu hana sauti, haki yake imewekwa mikononi mwetu sisi tulio jirani naye.

6. Tutende

Mtu mmoja mmoja atafanya nini? Mkulima anayekataa lumbesa peke yake, mazao yake yataozea shambani. Mfanyabiashara anayekataa lumbesa peke yake, wenzake watamshinda kwa bei. Ugumu huo ni wa kweli. Unatuonyesha kwamba dhambi hii si ya mtu mmoja tu. Imekwisha kuwa desturi, na desturi haivunjwi na mtu mmoja. Huvunjwa na watu waliokubaliana.

Historia ya nchi yetu inatupa moyo. Wakulima wa pamba wa Usukuma waliona wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaunganisha nguvu zao, na katika miaka ya 1950 wakiongozwa na Paul Bomani wakajenga vyama vya ushirika vilivyofanya kazi ya kununua na kupima mazao yao wenyewe. Shirikisho la vyama hivyo lilianzishwa mwaka 1955, likawa kati ya mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Baadaye ushirika ulipatwa na matatizo mengi, mengine kutoka nje na mengine kutoka kwa viongozi wake wenyewe. Lakini mwanzo wake ni fundisho: wanyonge waliungana ili kipimo kisiwe mkononi mwa upande mmoja.

Kwa hiyo napendekeza mambo matano.

Kwanza, jumuiya mbili au tatu zichangie mizani moja iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na ikae mahali pa wazi penye kuaminika. Mazao yapimwe hapo kabla ya mnunuzi kufika. Mkulima anayejua kilo zake anazungumza tofauti na mkulima anayekisia.

Pili, wakulima wa kitongoji kimoja, Wakristo na Waislamu na wasio na dini, wapatane kuuza kwa kilo, na kwa msimu uleule. Mapatano ya Wakristo peke yao hayatafika mbali, wala njaa haichagui dini.

Tatu, tuandike. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila familia iandike imeuza gunia ngapi, za kilo ngapi, kwa bei gani. Dhuluma iliyoandikwa haikanushwi kirahisi, na ofisa wa vipimo au mwenyekiti wa kijiji akiletewa daftari hawezi kusema ni maneno ya barabarani.

Nne, tuwaite wafanyabiashara na madalali, wengi wao ni waumini wenzetu, tukae nao bila matusi. Wao nao wanabanwa na ushuru wa njiani, gharama za gari na bei za mjini. Tuwasikilize, kisha tuwaulize swali letu la leo. Na katika kikao hicho wachukuzi wawe na mwakilishi wao.

Tano, tuanze nyumbani mwa Mungu. Parokia inaponunua mahindi ya semina, inapima kwa kipimo gani? Kibarua aliyechimba msingi wa nyumba ya katekista alilipwa lini? Mchango wa familia unapopangwa, mjane wa kitongoji anapimiwa sawa na mwenye duka? Tume ya Haki na Amani haiwezi kuikagua mizani ya sokoni ikiwa mizani ya sakristia imepinda.

7. Mwisho

Ndugu zangu, Bwana hakuishia katika kutuahidi kipimo kinachofurika. Aliongeza kwamba kwa kipimo kilekile tunachopimia, nasi tutapimiwa. Maneno hayo ni tishio kwa anayeshindilia gunia la mwenzake, na ni faraja kwa yule mama wa nyongeza ambaye hakuna aliyemhesabia viganja vyake.

Jumapili tunapoleta vipaji altareni, tunaleta mkate na divai, matunda ya ardhi na ya kazi ya wanadamu. Unga wa mkate huo ulipimwa mahali fulani, na mtu fulani aliubeba. Tunapopokea Mwili wa Kristo hatupimiwi kwa kisado; tunapewa Kristo mzima, maskini na tajiri sawasawa. Tuombe neema ili tulichopokea bila kupunjwa kitufundishe kutowapunja wengine, tukitoka mlangoni mwa kanisa na kuingia sokoni.

 

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika eneo letu, ni vipimo gani vinavyotumika kununua na kuuza mazao? Nani anavichagua?

2. Someni Amosi 8:4-7. Ni maneno gani yanayofanana na mambo tunayoyaona leo?

3. Nani katika jumuiya yetu anaumizwa na lumbesa, na nani anafaidika nayo? Je, wote wawili tunawakaribisha kusema?

4. "Tulipatana, akakubali mwenyewe." Ni katika mambo gani mengine tunatumia jibu hili: ujira wa mtumishi wa nyumbani, kodi ya chumba, mkopo?

5. Ni hatua moja ipi tutakayoitekeleza kabla ya msimu ujao wa mavuno? Nani ataisimamia, na tutakutana lini kuitathmini?